Tarumbeta Tulizowapigia Wendelin

Jumapili, 8 Machi

Tumefungwa. Jana, nusu fainali ya ligi yetu, tofauti ya pointi moja. Leo anga la Nordby lina rangi ya sufuria kuukuu na theluji ya kando ya barabara imegeuka tope. Kanisani mchungaji alihubiri juu ya subira. Alikuwa akitazama upande wetu.

Nieleze hali ilivyo, maana jambo nikilieleza huwa nalielewa zaidi. Timu ya chuo huingia mashindano ya kitaifa kwa njia mbili. Ya kwanza, uchukue ubingwa wa ligi yako: bingwa huingia moja kwa moja, hata kama msimu mzima alikuwa hovyo. Ya pili, kamati hujifungia chumbani, ikapima timu zilizobaki, ikateua zile inazoziona bora, na majina yakatangazwa kwenye televisheni. Watatangaza Jumapili ijayo jioni. Njia ya kwanza ilifungwa jana. Imebaki ya pili, na wachambuzi wanasema Nordby ipo ukingoni kabisa. Huyu anatuweka ndani kwa unywele, yule anatuweka nje kwa unywele huohuo.

Mjukuu wangu Maren ndiye nahodha. Yuko mwaka wa mwisho. Mwezi wa sita anaanza kazi kwenye maabara ya magonjwa ya mifugo, na huko hakuna mpira wa kikapu. Tukiteuliwa, atacheza tena. Tusipoteuliwa, basi mchezo wa jana ndio ulikuwa wa mwisho maishani mwake, na kumbukumbu atakayobaki nayo ni mpira alioutupa mwenyewe, ukazunguka juu ya ringi, ukafikiri, ukatoka nje. (Yapo pia mashindano ya waliokosa. Sitaki kuyasikia.)

Alikuja kula chakula cha mchana. Verlene, mke wangu, alitengeneza viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga. Maren alivichokonoa tu. Nikaanza kumweleza kamati inavyofanya kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Babu, nakuomba kitu kimoja. Wiki hii usifanye chochote." Nikamuuliza chochote kama nini. Akasema, "Kama ule waraka."

Waraka huo nilimwandikia Kocha Stucky mwezi wa kwanza, juu ya pembe za mitupo ya wapinzani, pamoja na michoro. Kocha aliutumia kuzuia mlango wa chumba cha kubadilishia nguo usijifunge. Si haki kulirudisha jambo hilo mezani.

Hata hivyo nilikubali. Wakati nasema ndiyo, nilimaanisha.

Jumatatu, 9 Machi

Kahawa mkahawani kwa Ardith. Nilimkuta Delmar Wubben kwenye kiti changu. Delmar ni daktari wa meno mstaafu, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Mkatoliki wa ukoo wa Kijerumani, na alisoma Chuo cha Mtakatifu Wendelin kilicho kusini ya hapa. Sisi wa Nordby ni Walutheri wa ukoo wa Kinorwe. Basi ni watani, naye hatupumzishi. Mbele ya nyumba yake hupepea bendera ya zambarau ya Wendelin, majira yote, hata ikiganda barafu.

Alinipa pole kwa ile sauti aliyokuwa akiwapa watu kabla ya kung'oa. Halafu akasema, "Profesa, msijisumbue kusafiri. Mtatazama mashindano kwenye televisheni kama kila mwaka. Nyumbani kuna joto, na choo kiko karibu." Meza nzima ikacheka. Ardith alicheka huku akinimiminia kahawa, ikamwagika kwenye sahani. Nikamkumbusha Delmar kwamba mwezi wa kumi na mbili tuliwafunga Wendelin kwao. Akasema ndiyo, na huo ndio ushindi wenu mkubwa mwaka huu, kumpiga mgonjwa kitandani.

Nilitoka na hasira. Nilipofika kwenye kona ya benki hasira ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa na wazo.

Kamati haitazami tu umeshinda mara ngapi. Hutazama umemshinda nani. Yule uliyemfunga akipanda hadhi, ushindi wako dhidi yake nao hupanda. Nilifundisha jiolojia chuoni hapa maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili ni jiolojia tupu: tabaka la chini likiinuka, la juu huinuka nalo bila kufanya kazi yoyote. Wendelin wapo ligi nyingine, na ligi yao inaanza michezo ya ubingwa Ijumaa, Cedar Rapids. Wakishinda mchezo mmoja, au miwili, ushindi wetu wa mwezi wa kumi na mbili utang'aa. Kwa mara ya kwanza katika uhai wangu nahitaji Wendelin washinde.

Nikamweleza Verlene. Alikuwa akimenya karoti. Akauliza, "Na wakishinda yote?"

Nikamweleza taratibu kwamba haiwezekani. Vinara wa ligi ile ni Marquand. Hawajafungwa tangu Krismasi, na hata wakianguka, kamati itawateua tu kwa ubora wao.

"Ndiyo maana nauliza, mzee wangu. Wendelin wakichukua ubingwa, wanaingia. Marquand wanateuliwa, nao wanaingia. Hiyo nafasi ya ziada inatoka kwa nani?"

Nikasema kwamba, kinadharia, inatoka kwa timu iliyo ukingoni.

"Yaani sisi."

Kinadharia, nikarudia. Akarudi kwenye karoti zake. Lazima mtu amwelewe Verlene. Alicheza enzi zile za wasichana sita sita hapa Iowa, watatu upande huu wa uwanja, watatu upande ule, na haruhusiwi mtu kuvuka mstari wa katikati. Mpaka leo anadhani kila kitu kina mstari.

Jumatano, 11 Machi

Jana Delmar alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, akilalamika. Wanafunzi wa Wendelin wako likizo, na bendi yao imekwenda Roma kupiga makanisani. Timu itaingia Cedar Rapids bila hata ngoma moja. "Itakuwa kama mazishi," alisema, "tena ya mtu asiye na ndugu."

Mchezo wa chuo bila bendi ni nusu ya mchezo. Wanaocheza ni watano, lakini ngoma ndiyo inayowainua miguu dakika za mwisho, na ndiyo inayowafanya wazazi wasimame. Tena upo utaratibu, unaokubalika kabisa: timu isiyo na bendi huazima ya chuo kingine. Wanaoazimwa huvaa fulana za wale wanaowapigia, hujifunza wimbo wao, na hupiga kama ni wao.

Sasa, nani ana bendi iliyokaa bure wiki hii? Lowell Haugsby, mwalimu wa bendi yetu, aliwazuia wapigaji wake wasiende likizo, akitumaini tutateuliwa. Wanashinda bwenini wakila chapati za maji na kugombana.

Nilimpata leo jioni kwenye supu ya Kwaresima, ghorofa ya chini ya kanisa. Nilimngoja amalize supu ya njegere, maana mtu mwenye njaa hukataa mambo. Akanisikiliza, kijiko kikiwa hewani. "Profesa, unataka watoto wa Kilutheri wavae zambarau ya Wendelin? Ndani ya Kwaresima?" Nikamwambia ni kwa ajili ya Maren. Hapo akalainika. Maren aliwahi kupiga ngoma kwake muhula mmoja, vibaya, lakini kwa bidii. Akauliza Kocha Stucky anasemaje. Nikasema kocha ana mambo mengi ya kufikiria wiki hii. Jambo hilo ni kweli.

Nikavuka barabara kwa Delmar. Nikamwambia mlangoni kwamba bendi yetu itawapigia Wendelin. Akauliza kama naumwa. Nilipomhakikishia kwamba mimi ni mzima, alivua kofia, jambo ambalo sijamwona akilifanya nje ya kanisa. Kabla sijavua viatu nyumbani alikuwa amekwishaleta sanduku la fulana za zambarau. Yangu ameiweka juu. Ni saizi ya mtoto. Nadhani kwa makusudi.

Ijumaa, 13 Machi

Cedar Rapids, robo fainali. Upepo wa kukata masikio. Nilipanda gari la Delmar, naye njia nzima alipiga muziki wa akodiani na kunifundisha wimbo wa Wendelin. Una beti nne. Wanamtaja mtakatifu, kondoo, na ushindi, na kondoo ndio wengi zaidi.

Ukumbi mkubwa, watu wachache. Upande wa Wendelin walikuwapo wazazi, masista wawili, na harufu ya samaki wa kukaanga, kwa sababu wote walipitia chakula cha Ijumaa parokiani. Nilikuwa nimeamua kushangilia kwa kiasi kinachohitajika tu, si zaidi.

Mapumziko walikuwa nyuma. Delmar alikuwa ameukunja uso kama karatasi. Kipindi cha pili Lowell akainua mkono, bendi ikalipuka, na wale wasichana wakaanza kukimbia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi baada ya majira ya baridi. Wazazi wakasimama. Sista mmoja alikuwa akipiga kiti cha mbele kwa mwavuli. Wakashinda. Niligundua kwamba nami nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Jioni wachambuzi wawili wametuhamishia ndani. Tabaka linainuka, kama nilivyosema.

Maren akapiga simu. Akauliza, "Babu, bendi yetu inafanya nini Cedar Rapids?" Nikasema ni ushirikiano wa vyuo. "Babu." Nikamwambia tumepanda, na nikaanza kumweleza sababu. "Uliniahidi," akasema. Nikasema niliahidi kutofanya chochote kuhusu Nordby, na hili linahusu Wendelin. Alikata simu kwa adabu, akaniaga kwanza, lakini alikata.

Jumamosi, 14 Machi

Wendelin wameshinda tena, nusu fainali, muda wa nyongeza. Sauti imenikauka. Wachambuzi wote sasa wanatuweka ndani, wote bila kukosa mmoja.

Yaani tumefika. Sasa ni wakati wa kusimama. Mlima ukiendelea kuinuka kupita kiasi, ubavu wake mmoja huporomoka, na katika jambo hili ubavu huo ni Nordby. Kesho mchana Wendelin wanacheza fainali na Marquand. Wanatakiwa wafungwe. Wafungwe kwa heshima, wapigiwe makofi, warudi nyumbani.

Nikaenda kumwona Lowell. Nilimkuta kwenye ukumbi wa parokia moja, maana wapigaji wanalala kwenye nyumba za wazazi wa Wendelin, wakilishwa soseji na keki. Walikuwa wakila piza na wachezaji. Mpigaji wa tarumbeta kubwa alikuwa amejichora shavuni namba ya jezi ya mmoja wao. Nikamshukuru Lowell na kumwambia basi laweza kuondoka kesho asubuhi mapema.

Alinitazama kama mtu aliyepiga chafya katikati ya sala. "Niwaambie nini hawa, Profesa? Kwamba tumechoka kupendwa?"

Nikamweleza nadharia yote. Aliielewa mara moja, ni mtu mwenye akili. Kisha akasema hapana. Alisema kitu kimoja amewafundisha tangu siku ya kwanza, kwamba wimbo ukishauanza hauuachi njiani.

Nikamwendea Delmar. Sikuwa na la kuficha tena. Alicheka mpaka akaegemea gari. "Yaani kesho unatutakia kufungwa?" Nikasema kidogo tu. Akasema ataniombea, ila baada ya mchezo.

Nilimpigia Verlene kumweleza hali ilipofika. Alisema usiku mwema. Kwa Verlene hiyo ni hotuba.

Jumapili, 15 Machi

Naandika haya kwa sababu usingizi hauji.

Saa sita mchana, fainali. Nilivaa koti langu la kijani badala ya zambarau na kukaa nyuma ya benchi la Marquand. Mashabiki wao ni watu wakarimu. Walinipa bisi. Nilishangilia mpaka bibi mmoja akaniomba, kwa upole, nimwachie sikio lake la kushoto. Marquand walikuwa wakiongoza, si kwa mbali, lakini walikuwa wakiongoza, na mimi nilikuwa nikianza kupata hamu ya kula.

Mwisho kabisa wa mchezo, Wendelin wako nyuma kwa pointi moja. Mchezaji wao mrefu anachezewa vibaya na kupewa mitupo miwili huru. Huyu binti alikuwa amekosa mitupo yote ya namna hiyo mchana kutwa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, nilimwona hata kutoka nilipokaa. Kocha wa Marquand akaomba mapumziko mafupi, ili amwache afikiri. Mbinu nzuri.

Laiti ningebaki kwenye kiti changu.

Lakini niliona kwamba bendi itamwinua moyo. Nikazunguka ukumbi nusu nikikimbia, nikamwomba Lowell apige wimbo wa Kwaresima, ule wa polepole kuliko yote, unaowalaza hata wazee wa kanisa. Nilisema watoto wapumzishe midomo. Nadhani Lowell aliamini nimetubu. Akanishika bega. Wakaupiga.

Ukumbi wote ulinyamaza. Masista wakaanza kuimba, kisha wazazi. Yule binti mrefu alifumba macho. Nikaona mabega yakishuka. Nikaona akivuta pumzi, akiitoa, mikono ikitulia. Mimi ni mtu niliyewafundisha vijana kuusoma mwamba kabla haujapasuka. Niliusoma. Hapakuwa na la kufanya ila kutazama.

Alitupa wa kwanza, ukaingia. Wa pili ukaingia bila kuigusa ringi.

Wendelin ni mabingwa. Kocha wao alipewa kipaza sauti, akamshukuru Mungu, akawashukuru wazazi, kisha akamshukuru Profesa Orval Tollefsrud wa Nordby, aliyewaletea bendi. Kamera ikanitafuta, ikanipata. Kijani mwilini, bisi mkononi.

Jioni tukakusanyika ukumbi wa chakula wa chuo, kama ilivyo desturi, timu viti vya mbele, mji mzima nyuma, televisheni kubwa. Bendi ilifika moja kwa moja kutoka safarini na haikupata nafasi ya kubadili. Walisimama ukutani na fulana zao za zambarau kama wageni waliokosea arusi.

Majina yalitoka kundi kwa kundi. Marquand wakatajwa. Wendelin wakatajwa, na Delmar akapiga makofi mara moja, kisha akatia mikono mfukoni. Kundi la mwisho lilipofika nafasi ya mwisho, Maren aliegemea mbele. Likasomwa jina la chuo kingine.

Halafu mchambuzi mmoja, kijana mstaarabu, akaeleza kwamba timu ya kwanza iliyoachwa nje ni Nordby, na nafasi yake imechukuliwa na ubingwa wa Wendelin. Alichora mshale. Maisha yangu yote nimefundisha kwa mishale, na sijawahi kuona mmoja uliofahamika upesi namna ile. Vichwa viligeuka kunitafuta, safu moja baada ya nyingine.

Wenzake waliinuka, wengine wakilia. Maren alibaki amekaa akiitazama televisheni, ambayo sasa ilikuwa ikitangaza matairi. Kisha akasimama na kuanza kuvikunja viti. Nilitaka kwenda kumweleza. Verlene alinishika kiwiko na hakukiachia mpaka nyumbani.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua yenye theluji ndani yake. Sikwenda kwa Ardith.

Delmar alikuja yeye. Alisimama barazani, akasema hali ya hewa mbaya, akasema tope litachukua muda kukauka. Hakunitania hata kidogo. Hapo ndipo nilipojua uzito wa jambo.

Maren alikuja mchana. Nilikuwa nimejiandaa, nikamweleza yote tangu mwanzo, tabaka, ligi, kamati. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Nimeelewa, babu. Mpaka Jumamosi ulikuwa sahihi." Nikamshukuru. Akasema hakuwa akinisifu.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalo kwenye hesabu. Alisema hakuwa akiota kombe wala kuonekana kwenye televisheni. "Nilitaka mchezo mmoja tu tena. Wowote. Nisimalizie na ule mpira uliotoka nje. Kila nikilala unazunguka." Verlene akamwekea lefse, zile chapati zetu za viazi, na siagi na sukari, kama alipokuwa mdogo. Alikula moja. Mimi sikupewa.

Saa kumi na moja Kocha Stucky akapiga simu, akimtaka yeye, si mimi. Mashindano ya waliokosa yametualika. Mchezo wa kwanza Alhamisi, hapahapa Nordby, na anayefungwa basi tena. Maren akaenda, na Kocha aliwaachia wachezaji waamue wenyewe, chumbani, mlango umefungwa. (Inaonekana mlango sasa unafungika.) Vyuo vingine hukataa kwa kiburi. Wetu walikubali wote, na Maren alikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Basi mchezo anao.

Jumanne, 17 Machi

Maren amepita asubuhi akiwa na tiketi mbili, yangu na ya bibi yake, safu ya nyuma ya benchi letu. Wanafunzi bado wako likizo, alisema, na ukumbi ukiwa mtupu utawavunja moyo. Kocha ameomba kila mtu wa mjini aje, wazee hasa, maana wazee ndio waliopo. "Babu, safari hii njoo ukae tu. Uwe mmoja wa watu. Nitageuka, nikuone umekaa." Nikamwambia nitakaa. Macho yalinilowa kidogo. Alinibusu kwenye paji la uso na kwenda mazoezini.

Mchana nilisoma juu ya wapinzani wetu. Wanatoka Louisiana, kusini kabisa, kwenye joto na vinamasi. Habari za redio zinasema walishuka uwanja wa ndege Des Moines wakiwa na fulana za mikono mifupi, na mmoja wao aliuliza kama baridi hii ni ya kawaida au kuna ajali imetokea.

Nimelifikiria jambo hilo.

Msuli ni kama mwamba. Ukipoa, hujikaza, na ukijikaza hupoteza wepesi. Wasichana wetu walizaliwa kwenye ubaridi huu, hawatahisi tofauti. Fundi wa mitambo wa ukumbi ni mwanafunzi wangu wa zamani, nilimpitisha mtihani kwa huruma. Mitambo ya joto ikizimwa kesho mchana, Alhamisi jioni ukumbi utakuwa kama ghala la viazi. Louisiana hawataweza kukunja vidole. Maren atashinda, na atacheza tena wiki ijayo, na pengine tena.

Verlene alikuwa akikunja nguo. Akauliza, "Na watu?"

Nikamuuliza watu gani.

"Hao wazee anaowaomba. Ardith na viungo vyake vinavyouma. Kwaya nzima. Delmar na kifua chake. Watakaa kwenye ghala la viazi mpaka mwisho, au wataondoka wamwache acheze na viti?"

Nikamweleza taratibu kwamba watu huvaa makoti. Akasema yeye ameuliza tu. Akaendelea kukunja, kwa nguvu zaidi kuliko nguo zilivyohitaji.

Lazima nikiri kwamba nilikosea wiki iliyopita, na kosa nimelitafuta mpaka nikalipata. Nilitegemea watu. Ukiwapa watu ngoma, wanapenda, na wakishapenda huwezi kuwazima. Mtambo wa joto haupendi mtu. Ukiuzima, umezimika.

Nimempigia fundi. Amesitasita, lakini amekubali. Nimemwambia na madirisha ya juu ayaache wazi, kidogo tu.